Siku Niliyoigiza Mama Mkwe

Nimestaafu. Sare nimezikabidhi zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, na tangu hapo simu zenu hazikomi. Mnauliza hali, mnauliza ng'ombe, mnauliza kahawa, halafu mnazunguka mpaka mnafika pale mlipokuwa mnaelekea tangu mwanzo: "Afande Aichi, ni kweli uliwahi kupanda jukwaani ukaigiza na wafungwa?" Mmoja wenu ameambiwa nilizimia. Mwingine ameambiwa nilimzaba mfungwa kibao, watu wakashangilia. Habari imetiwa chumvi mpaka hailiki. Basi nimeona niiandike mwenyewe, pamoja na mambo machache ya kazi yetu, muisome wakati wa chai. Vyeo sitavizungumzia, mnavivaa begani. Mishahara nayo mnaijua.

Nilianza kazi sehemu ya wanawake, binti kutoka Masama ambaye alikuwa hajawahi kuona mlango unaofungwa kwa nje. Nilikabidhiwa kwa Sajini Mwanahawa, mama mnene wa Tanga aliyekuwa na mwendo wa taratibu kama mtu anayekwenda kuoga. Asubuhi ile ya kwanza alinipa shada la funguo. Zikalia mkononi mwangu hadi wafungwa wakageuka kunitazama.

"Zishike ndani ya kiganja," akaniambia. "Zikilia hivyo wanajua unaogopa."

"Lakini naogopa, afande."

"Najua. Hilo ni letu wawili."

Kisha akanituma kufanya hesabu. Nikahesabu, wakapungua. Nikahesabu tena, wakazidi. Wanawake wale wakanionea huruma, mmoja akawa ananinong'oneza mahali nilipoishia. Sajini alisimama tu kivulini anatafuna karanga. Nilipomaliza aliniambia mambo mawili ambayo nimeishi nayo. La kwanza, namba ni ya karatasi, mtu ana jina, na ukitaka akusikie muite kwa jina lake. La pili, sauti itoke tumboni. "Hapa si kwaya, binti." Kumbe hata kwenye kwaya ya usharika wetu nilikuwa nasimama mstari wa nyuma na kufungua mdomo bila kutoa kitu. Lakini nikajifunza. Baada ya mwaka nikiita hesabu, hata sehemu ya wanaume walikuwa wanajipanga.

Mambo magumu ya kazi yetu si yale watu wa nje wanayodhani. Kupigana kulikuwepo, lakini ugomvi wa wanawake waliofungwa pamoja mara nyingi ni wa sabuni, na unaisha kwa sabuni. Kigumu kilikuwa watoto. Mama anaingia na mtoto anayenyonya, mtoto anaachishwa ziwa, siku inafika ndugu anakuja kumchukua. Nawausia mnaoendelea: kabidhianeni asubuhi, mtoto akiwa ameshiba, na mama apewe kazi ya mikono siku hiyo. Asiachwe amekaa. Na wewe askari usijifanye jiwe, maana wenzake wanakuona, na watakumbuka.

Sajini Mwanahawa alipostaafu akarudi kwao, kiti chake cha kivulini nikakirithi mimi. Miaka ikaenda. Ndipo akaletwa Mkunde.

Alikuwa mwanamke wa huku huku mlimani, mwembamba, mwenye viganja vikubwa vya mtu aliyekata nyasi tangu utotoni. Mumewe alikwenda machimboni, na habari zake zikakatika. Mkunde akabaki kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, cha wakwe zake, yeye na mtoto wake Manka, pamoja na mama mkwe na wifi yake mmoja. Mnajua maisha ya kule: ng'ombe yuko bandani, hatoki, na kila jani analokula linaletwa na kichwa cha mwanamke. Siku moja wifi akakata nyasi za kwenye matuta ya shamba ambazo Mkunde alikuwa amezitunza. Wakarushiana maneno. Mkunde akachukua mpini wa jembe akampiga wifi mkononi, mfupa ukavunjika pabaya, na hata ulipounga haukunyooka. Mahakamani hakukana. Akafungwa.

Kwetu hakuwa na shida na mtu. Ila siku za kutembelewa, wenzake wanapoitwa majina, yeye alikuwa anakaa pembeni anashona vifungo vya sare zetu. Hakuna aliyekuja. Afisa wa ustawi wa jamii alipanda hadi kwao mara kadhaa, akarudi na jibu lile lile: mama mkwe anasema ana ng'ombe wa kulisha.

Wakati huo tukaletewa mkuu wa gereza mpya, mtu mpole, mrefu, aliyependa mambo yatokee. Akatangaza kwamba tutaalika ndugu za wafungwa waje siku moja, wakae uani, wale, waongee, na kila sehemu iandae burudani. Wanaume wakachukua ngoma na sarakasi. Wanawake wakasema wataigiza. Mimi nikapewa kusimamia mazoezi, maana yake kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuhakikisha vichwa vilivyoingia mazoezini ndivyo vilivyotoka.

Hadithi aliitoa Mkunde. Ilikuwa fupi. Mwanamke anatoka gerezani, anarudi kwao, anabisha hodi kwa mama mkwe akiwa ameshika jani la sale. Ninyi mliotoka mikoa mingine, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Mchaga aliyekukosea akija na jani lake mkononi, amekuja kuomba msamaha, na kwetu ni jambo zito mno kumrudisha nalo. Katika igizo, mama mkwe anafungua mlango, anamwambia maneno makali, majirani wanamsihi, mwishoni anapokea jani na watu wanaimba.

Mama mkwe alikuwa Bi Hadija, mkulima wa mpunga wa Mabogini, mama wa makamo mwenye ulimi wa kukata na shoka. Akisimama mlangoni kumfokea Mkunde, hata sisi askari tulikuwa tunanyoosha migongo. Nilisikia maneno yake mara nyingi hadi nikawa nayajua bila kutaka, kama unavyojua wimbo wa duka la jirani.

Wiki yenyewe ya maigizo, rufaa ya Bi Hadija ikasikilizwa, akaachiwa huru. Tulifurahi, wanawake wakapiga vigelegele, akatoka na kifurushi chake huku anatubariki wote, pamoja na wale ambao jana yake alikuwa amewatukana kwa ajili ya kijiko. Furaha ikadumu hadi mchana. Ndipo mtu mmoja akauliza, "Na mama mkwe?"

Hakuna aliyetaka. Wasichana walikuwa wanacheka wakifika neno la pili. Wakubwa walikataa kabisa. Mmoja akaniambia wazi: "Afande, mimi nalala kitanda cha chini ya Mkunde. Siwezi kumwambia maneno yale halafu usiku niseme lala salama."

Nikaenda kumweleza mkuu wa gereza kwamba igizo limekufa. Alikuwa anasaini makaratasi.

"Koplo, hayo maneno wewe unayajua?"

"Nayajua, afande, lakini…"

"Basi limefufuka."

Nikamwambia askari hawezi kupanda jukwaani na wafungwa. Akaniuliza kanuni gani inakataza. Nikaenda kuitafuta. Niliitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuitafutia kitu kingine kazini, na sikuipata.

Sasa niwaambie kitu. Kuita hesabu na kuigiza ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye hesabu una sare, una kofia, una kirungu kiunoni, na hakuna anayekutazama wewe, wanaitazama sare. Siku ya kwanza ya mazoezi Mkunde alisema kwa adabu, "Afande, naomba uvue kofia." Nikaivua. Wakanifunga kilemba, wakanivalisha kitenge juu ya sketi ya kazi, na wale wanawake ambao nilikuwa nawaamrisha kila siku wakanitazama kichwani mpaka miguuni. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya kifaranga.

"Toa kwa tumbo, afande," akasema mmoja kutoka nyuma. Walikuwa wamenisikia nikiwafundisha askari wapya. Wakacheka, na mimi nikacheka, maana sikuwa na la kufanya.

Nyumbani kota nilifanya mazoezi jikoni. Mume wangu, Baba Ndeshi, aliyekuwa dereva wa lori la kahawa, akawa ndiye mkwe wangu: anapiga magoti na mwiko mkononi mahali pa jani, namfokea. Mke wa askari jirani akaja kugonga mlango kuuliza Baba Ndeshi amefanya nini tena. Lile "tena" ndilo lililomuuma mume wangu.

Siku mbili tatu kabla ya siku yenyewe, maneno yakawa yamekaa, sauti nayo imerudi. Nikayatoa yote kwa nguvu, najisifu moyoni. Mkunde akanyanyua kichwa pale alipopiga magoti.

"Samahani, afande. Pale pa mtoto, hapigi kelele. Anasema polepole tu. Kama anakuambia bei ya kitu."

"Nani hapigi kelele?" nikauliza.

Akainamisha kichwa. Wenzake nao wakatazama chini. Nikawaambia wapumzike, nikabaki naye, na hapo ndipo nilipoelewa. Maneno yale hayakutungwa na mtu. Yalikuwa ya mama mkwe wake mwenyewe, aliyomwambia kwenye korido ya mahakama siku ya hukumu. Nayaandika mara moja tu: "Umekuja kutazama ulichokivunja? Kwangu huna mlango. Mtoto wako nitamwambia ulikufa."

"Bi Hadija alijua?" nikamuuliza.

"Alijua. Ndiyo maana aliyasema vizuri." Akaongeza, "Afande, nisaidie kitu kimoja. Hili jani la mgomba tunalotumia si lenyewe. Naomba siku hiyo nishike sale la kweli."

Nilikuwa na mapumziko Jumamosi, nikapanda Masama, nikakata jani moja zuri mpakani mwa kihamba chetu, nikalishusha likiwa limefungwa kwenye gazeti. Getini kijana wa zamu akanikagua kama sheria inavyotaka. Alikuwa mtu wa Singida. Akaligeuza jani juu chini.

"Hii ni nini, afande?"

"Jani."

"La kufanyia nini?"

"Kuombea msamaha."

Akaniangalia kwa muda, kisha akaniruhusu. Nadhani alifikiri ni mimi niliyemkosea mkuu.

Siku ikafika. Uani kulikuwa kumejaa mabenchi ya shule tuliyoazima. Jukwaa lilikuwa meza za karakana zilizopangwa pamoja na kufungwa kamba, pazia ni mablanketi ya gereza, na mafundi wa sehemu ya wanaume walikuwa wametengeneza mlango wa kweli na fremu yake, umesimama peke yake katikati kama nyumba iliyoibiwa kuta. Ndugu waliingia kwa mistari: akina mama wenye vikapu vya ndizi, wazee wenye makoti, watoto. Wa sehemu za juu walipakiwa kwenye gari la usharika na mchungaji wao. Askari wenzangu wote waliokuwa hawana zamu walikuja pia. Hawakuja kwa ajili ya wafungwa.

Nilikuwa nyuma ya mablanketi, mdomo umekauka, narudia maneno. Mkunde akachungulia kwenye upenyo. Nikaona mgongo wake umekakamaa.

"Amekuja," akasema.

"Nani?"

"Benchi la pili. Mwenye kilemba cha kijani. Na yule pembeni yake ni Manka."

Nikachungulia. Mama mmoja mfupi, amekaa wima, mkoba magotini, uso umefungwa. Pembeni mtoto wa kike wa umri wa kuanza shule, amevaa sweta la kanisani, anachezesha miguu kwa sababu haifiki chini.

Nikamgeukia Mkunde. "Tubadilishe. Pale pa mtoto tuparuke. Nitasema kitu kingine."

"Hapana, afande. Yaseme yote."

"Mtoto yupo pale, Mkunde."

"Namwona." Macho yake yalikuwa makavu. "Nataka mama ayasikie kama mimi nilivyoyasikia. Halafu anione bado nimepiga magoti. Sina njia nyingine ya kumfikia. Kama si leo, basi tena."

Ngoma ya wanaume ikaisha. Mtu akatusukuma.

Igizo lilianza vizuri. Majirani walichota maji, walisengenya, watu wakacheka panapochekesha. Mkunde akaingia na jani lake kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mlango, akabisha hodi. Nikavuta pumzi tumboni kama nilivyofundishwa na Sajini Mwanahawa. Nikafungua mlango, nikasimama katikati ya fremu, nikatazama mbele.

Sikuona watu. Niliona kilemba cha kijani na sweta la mtoto.

Na maneno yakaondoka. Siwaongopei, yaliondoka yote, hata lile la kwanza. Nilitafuta kichwani mwangu, palikuwa peupe kama chumba kilichohamwa. Nikamwangalia Mkunde. Akaninong'oneza bila kufungua midomo, "Umekuja kutazama…" Nilimsikia. Nilielewa ni Kiswahili. Lakini ulimi ulikuwa wa mtu mwingine.

Kuku wa jikoni akapita mbele ya jukwaa, akasimama kututazama, akaendelea na safari yake. Nyuma kwenye mabenchi ya askari mtu akakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Jasho likanishuka hadi ndani ya kiatu. Mkunde magotini, mikono imenyooshwa, jani limeanza kucheza. Niliwaza kwamba nimeharibu. Mwanamke huyu amengoja muda wote huu, na mimi nimesimama hapa kama gunia.

Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi la pili.

"Wewe mama!"

Ilikuwa sauti ya chini, kavu. Watu wote wakageuka. Yule mama wa kilemba cha kijani alikuwa amesimama.

"Wewe mama hapo mlangoni. Huoni ameleta sale? Unangoja nini?"

Yeye akaweka mkoba kwenye benchi, akamwambia mtoto akae, akaanza kuja. Akapita katikati ya magoti ya watu bila kumwomba mtu radhi. Askari wa pembeni akapiga hatua kumzuia, kwa sababu mgeni haruhusiwi kumkaribia mfungwa bila amri. Nikamwona mkuu wa gereza ananyanyua kiganja kidogo tu, kutoka kwenye goti lake. Askari akarudi nyuma.

Mama akafika kwenye meza. Zilikuwa ndefu kwake, zinamfika kifuani. Akanyoosha mkono juu.

"Lete huku," akamwambia Mkunde. "Nipe mimi."

Mkunde hakumpa. Alinigeukia mimi. Alikuwa mfungwa, na hata pale hakusahau: kitu hakitoki mkononi mwa mfungwa kwenda kwa mgeni bila askari kukubali. Nikatikisa kichwa kukubali. Hicho ndicho kitendo pekee nilichokifanya jukwaani siku ile, na nilikifanya kama koplo.

Mkunde akainama hadi paji la uso likakaribia ubao, akampa jani kwa mikono miwili. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Akalitazama mbele na nyuma kama mtu anayekagua kama limekatwa vizuri, akalichomeka kiunoni kwenye fundo la kitenge chake. Hakutabasamu. Hakulia. Akageuka, akarudi kupita magoti yale yale, akakaa, akachukua mkoba wake.

"Haya," akasema. "Endeleeni."

Na tulikuwa bado na igizo la kumalizia! Majirani walikuwa pembeni na ndoo zao, wanalia, hawajui waingie au watoke. Mkunde alikuwa bado amepiga magoti na mikono mitupu. Mimi sina jani la kupokea na sina neno. Nikafanya lililokuwa karibu: nikainama nikamshika Mkunde kwapani, nikamwinua, nikamwingiza mlangoni, nikafunga mlango nyuma yetu. Mlango ule haukuwa na ukuta, kwa hiyo watu wote walikuwa wanatuona tumesimama upande wa pili tumeshikana kama walevi. Wakapiga makofi. Wale wa ndoo wakaanza wimbo, sehemu ya wanaume wakaudaka, na igizo likaisha kabla ya wakati wake.

Nilishuka, nikaenda nyuma ya jiko penye bomba, nikanywa maji kwa kiganja mpaka nikatosheka. Kifuani palikuwa pepesi. Nilijisikia kama siku ile mwanangu wa kwanza alipotoka na nikamsikia analia. Baba Ndeshi akanifuata huko.

"Mama Ndeshi," akasema, "yale maneno uliyoninyima usingizi nayo wiki nzima, mbona hukusema hata moja?"

Mkuu wa gereza naye alipita, mikono nyuma. Nikasimama kwa heshima, nimevaa kilemba. "Koplo," akasema, "nimependa ulivyotulia pale." Nikasema, "Asante, afande." Kuna vitu mkubwa wako hahitaji kuvijua.

Baada ya chakula ndugu wakaruhusiwa kukaa na watu wao, na zamu ya meza ya Mkunde na mama mkwe wake ikawa yangu, kwa hiyo niliyoyasikia niliyasikia kihalali. Mtoto alikuwa amemkazia macho mama yake. Hatimaye mtoto ndiye aliyeanza.

"Nywele zako zimeenda wapi?"

"Zimekatwa," akasema Mkunde. "Zitaota."

Mtoto akaliwaza hilo, akaona linakubalika, akaanza kumsimulia habari za ndama. Alipokwisha kusogea hadi magotini kwa mama yake, yule bibi akafungua mdomo.

"Mkono wa mwenzako haujanyooka."

"Najua, mama."

"Kukamua hawezi."

"Nikirudi nitakamua mimi."

"Wakamuaji tunao." Akatazama pembeni, akavuta kitenge chake vizuri. "Nyasi ndizo hatuna wa kukata."

Mkunde akainamisha kichwa kwenye sweta la mtoto, na pale ndipo alipolia. Mimi nikageuka kuangalia ukuta. Ulikuwa ukuta mzuri, umepakwa chokaa karibuni.

Baada ya hapo alitembelewa. Si kila mara, kwa sababu ng'ombe kweli walikuwepo, lakini alitembelewa. Siku aliyomaliza kifungo mimi sikuwa zamu. Walioiona waliniambia kwamba aliyekuja kumpokea ni wifi mwenyewe, mkono mmoja umepinda, na kwamba alikataa katakata Mkunde asibebe mfuko, akaubeba yeye kwa mkono mzima. Walikwenda zao hawaongei, lakini walikwenda pamoja. Mimi nilipohadithiwa nilikuwa nakula, nikaweka kijiko chini nikashukuru.

Jukwaani sikupanda tena. Waliniomba mara nyingi, nikawa nasema nina zamu. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya siku ile, nimekutana na kesi ngumu zaidi ambazo hazikwisha vizuri, na nyingine mnazijua. Ndiyo maana hii naisimulia kwa raha.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa mwaka jana, sokoni Himo. Nilikuwa natafuta maharage ya mbegu. Nikasikia mtu anagombezwa kwa mikungu iliyofungwa vibaya, na anayegombezwa anajibu, "Sawa, mama. Sawa, mama," kwa sauti ya mtu asiyejali sana. Nikageuka. Mkunde, amenenepa, kitambaa kichwani. Pembeni yake yule mama, sasa mzee hasa, amekaa juu ya kreti, ndiye anayepokea wateja.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba." Akanitazama sana. Mkunde alikuwa ameshanirukia anacheka. Mama akainua kidole. "Wewe ndiwe mama mkwe!"

"Ndiye mimi."

Akanivuta nikae pembeni yake kwenye kreti. Akaniambia kwamba Mkunde alikuja kumweleza baadaye, kwamba igizo lilikuwa na maneno yake, hata lile la mtoto. "Nikasema, kumbe yule askari aliyajua. Aliyajua, akaniona mimi na mtoto, akayazuia mdomoni asiniaibishe mbele ya watu. Nimekuombea kila Jumapili, mwanangu. Mwingine angeyasema."

Wadogo zangu, ningeweza kunyamaza. Lakini mzee alikuwa amenishika mkono.

"Mama," nikasema, "sikuyazuia. Niliyasahau."

"Uliyasahau?"

"Yote. Niliogopa watu, maneno yakanipotea. Hata jina langu nisingelisema."

Akanitazama. Akamtazama Mkunde. Mkunde akakubali kwa kichwa, hawezi kusema kwa kicheko. Basi yule mama akaanza kucheka, kwanza mabegani tu, halafu mwili mzima, mpaka akalazimika kushika mkungu asianguke, mpaka wateja wakasimama kutazama, mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Basi Mungu asifiwe," akasema alipopata pumzi, "kwa kichwa chako kibovu."

Akamwambia Mkunde anichagulie ndizi nzuri, zile za chini, na zifungwe vizuri safari hii.